Je, kudai bima baada ya msiba ni kupingana na mapenzi ya Mungu?

"Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki, amekufa akiwa na miaka 24. Alikuwa anarudi usiku na bodaboda yake kwenye barabara kuu ya Dodoma, karibu na Gairo, akaligonga kwa nyuma lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa wala pembetatu. Yalikuwepo matawi mabichi tu, yametupwa hatua chache nyuma yake. Lori hilo ni la mzee wa kanisa wa usharika jirani. Alikuja msibani, akatoa rambirambi, akalia nasi. Lakini tulipoanza kufuatilia bima, wazee walituita wakasema kazi ya Mungu haina makosa, kwamba siku ya kijana ilikuwa imefika na hata angelala ndani angekufa, na kwamba kufuatilia fedha ni kumshtaki Mungu na kumpeleka ndugu mahakamani. Asubuhi ile nilikuwa nimeomba, nikamtaja kwa jina, Mungu amlinde barabarani. Sasa kuomba kunanishinda. Kwenye kwaya naimba, mdomo unatamka na moyo haupo. Nijibu bila kunificha: Mungu ndiye aliyemuua mdogo wangu? Na kama yeye ndiye anayetawala kila kitu, kudai haki ni kumpinga? Ameacha mtoto wa miaka 2."

Amina, dada yangu, na pole sana kwa msiba huu. Kumzika mdogo wako uliyemlea ni kumzika ndugu na mwana kwa pamoja, na watu wengi waliokuja matanga pengine waliona kimoja tu kati ya hivyo viwili. Nitajaribu kukujibu bila kukuficha, kama ulivyoomba, na pale ambapo Maandiko yananyamaza nami nitanyamaza.

Naona umeletewa mambo mawili yamefungwa pamoja kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni la Mungu: je, anatawala hata ajali ya usiku mmoja katika barabara ya Dodoma? La pili ni la lori: je, kuna mtu aliyeacha kufanya lililompasa? Wazee wamelijibu la kwanza, kisha wakalitumia jibu hilo kulifungia la pili. Imani ya Kikristo haifanyi hivyo, na kwa karne nyingi imekataa kufanya hivyo.

Niseme kwanza wanapopatia. Ukristo haufundishi kwamba Mungu anatawala mambo makubwa na kuyaachia madogo yajiendee. Bwana Yesu alisema kwamba shomoro haanguki chini pasipo Baba kujua, na kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote (Mathayo 10:29-31). Mithali 16:9 inasema moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali Bwana huziongoza hatua zake. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, ambayo Wakristo wa mapokeo ya Matengenezo wanaifundisha hadi leo, inataja mvua na ukame, afya na ugonjwa, utajiri na umaskini, na kusema kwamba hayo yote hayatujii kwa bahati bali kutoka mkono wa Baba. Kwa hiyo sitakufariji kwa kukuambia kwamba usiku ule Mungu alikuwa mbali, au kwamba hakujua. Faraja ya namna hiyo ingekuacha katika ulimwengu usio na mwenyewe.

Lakini tazama jinsi maneno ya Ayubu yanavyotumika katika misiba yetu. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe" (Ayubu 1:21) yalisemwa na aliyefiwa mwenyewe, kinywa chake mwenyewe, akiwa amerarua joho lake na kuanguka chini. Hakuambiwa na jirani aliyekuja kuhani. Na kabla Ayubu hajayasema, sura ile ile imekwisha kutueleza kwamba Waseba waliiba ng'ombe na kuwaua watumishi kwa upanga, na kwamba Wakaldayo walijipanga vikosi vitatu kuwachukua ngamia. Ayubu kulibariki jina la Bwana hakukuwageuza Waseba kuwa watu wema. Waliokuja na maelezo kamili ya kwa nini msiba umempata ni rafiki zake, Elifazi na wenzake, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu (42:7). Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura na kutaka Mungu aje wasemezane, ndiye aliyeambiwa kwamba amenena sawa. Jambo hili huwa nalifundisha taratibu sana darasani, kwa sababu wanafunzi wa uchungaji ndio watakaosimama kwenye makaburi, na kishawishi cha kusema kitu kinachoonekana kumtetea Mungu ni kikubwa pale ambapo watu wanalia na mhubiri anatakiwa atoe neno.

Sasa nikueleze kanisa limeelewaje utawala wa Mungu na matendo ya watu kwa pamoja, maana hapa ndipo penye kiini. Mwanatheolojia Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliwatofautisha Mungu aliye sababu ya kwanza ya vitu vyote na viumbe walio sababu za pili, akasema kwamba hizi za pili ni sababu za kweli. Moto unaunguza kweli, mkulima analima kweli, dereva anaegesha kweli. Mungu hashindani nao kugawana kazi, kwamba asilimia fulani afanye yeye na iliyobaki wafanye wao. Tunaposali "utupe leo riziki yetu" tunamwomba Mungu, kisha tunaamka kwenda shamba au kufungua genge, na ugali ukiwa mezani tunamshukuru yeye bila kusema kwamba aliyelima, aliyesaga na aliyesonga hawakufanya kitu. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza sala hiyo alihesabu ndani ya riziki ya kila siku chakula na nguo, mifugo na fedha, serikali njema, hali njema ya hewa, na mwishoni majirani waaminifu. Mtu anayeliacha lori gizani njiani mwa wengine ni jirani ambaye siku hiyo uaminifu wake umepungua. Riziki ambayo Mungu alitaka kumpa mdogo wako kwa mkono wa mtu huyo, mkono huo haukuifikisha.

Utaniuliza, basi Mungu alilipanga hilo au hakulipanga? Hapa Wakristo wanaompenda Bwana mmoja wametofautiana, nami sitajifanya kwamba hawajatofautiana. Wanaomfuata Yohana Kalvini husema kwamba hakuna linalotokea nje ya kusudi la Mungu. Lakini hata Ungamo lao la Westminster la mwaka 1646 linasisitiza kwamba Mungu hutumia njia za kawaida, na kwamba uovu wa tendo unatoka kwa kiumbe peke yake, si kwa Mungu. Wanaomfuata Jacobus Arminius, na baadaye John Wesley, husema kwamba Mungu amempa mwanadamu uhuru wa kweli, kwa hiyo yako mambo anayoyaruhusu bila kuyataka, ingawa hayapiti uwezo wake wa kuyageuza. Katika wakati wetu wapo pia wanaosema kwamba Mungu mwenyewe ameyaacha wazi baadhi ya mambo yajayo. Mtazamo huo naona unatatua fumbo moja kwa kumpunguza Mungu wa Maandiko, na siukubali. Mimi ni Mlutheri, na Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 19, linasema kwa ufupi kwamba ingawa Mungu ameumba na anavitegemeza viumbe vyote, chanzo cha dhambi ni nia ya waovu. Ukiniuliza zaidi ya hapo, kwa nini alimzuia huyu asife na yule hakumzuia, nitakusomea Kumbukumbu la Torati 29:29: mambo ya siri ni ya Bwana Mungu wetu, lakini yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu.

Mapokeo yote hayo, pamoja na kubishana kwao, yanakubaliana katika jambo moja linalokuhusu: hakuna hata moja linaloruhusu utawala wa Mungu utumike kumfutia mtu wajibu wake. Yusufu aliwaambia ndugu zake, "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema" (Mwanzo 50:20). Tukio lilikuwa moja na makusudi mawili, na Yusufu hakulificha la ndugu zake ndani ya lile la Mungu. Siku ya Pentekoste Petro alisema kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na katika sentensi hiyo hiyo akawaambia wasikilizaji wake kwamba wao walimsulibisha kwa mikono ya watu wabaya (Matendo 2:23). Ikiwa msalaba wenyewe, ambao ni kusudi la Mungu kuliko tukio jingine lolote, haukuwaondolea watu lawama, lori lililoharibika halitamwondolea mwenyewe.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: hapana, Mungu hakumuua mdogo wako kwa maana ambayo umeogopeshwa nayo, kana kwamba alimvizia barabarani. Kifo chake kilitokea ndani ya ulimwengu ambao Mungu hajauachia usukani, kwa sababu ambazo kwa sehemu zinaonekana kwa macho: lori, giza, kukosekana kwa ishara, na pengine mwendo wake mwenyewe au taa ya pikipiki, jambo ambalo polisi watakuwa wamelichunguza na ambalo inabidi uwe tayari kulisikia. Maombolezo 3:33 inasema moyo wa Mungu haupendi kuwatesa wanadamu wala kuwahuzunisha. Mstari huo umeandikwa na mtu aliyekuwa akiutazama mji wake umebomolewa, ambaye katika sura hiyo hiyo anasema mabaya na mema hutoka kinywani mwake Aliye juu. Aliyashika yote mawili.

Lile la kwamba hata angelala ndani angekufa, naomba ulikatae kabisa. Najua linatoka wapi. Tuna misemo mingi ya namna hiyo, ajali haina kinga, liandikwalo ndilo liwalo, na inasaidia kwa saa chache za mwanzo kwa kuwa inatuondolea yale mawazo ya laiti angechelewa, laiti nisingempigia simu. Lakini si mafundisho ya Biblia. Katika 1 Samweli 23 Daudi yuko katika mji wa Keila na anamwuliza Mungu kama mfalme Sauli, anayemwinda, atashuka kumfuata. Mungu anasema atashuka. Anauliza kama watu wa mji watamtia mkononi mwa Sauli. Mungu anasema watamtia. Daudi akaondoka na watu wake wapata mia sita, Sauli akaacha kuja, na lile alilolisema Mungu halikutokea, kwa sababu lilikuwa ndilo ambalo lingetokea kama Daudi angebaki. Matendo 27 ni wazi zaidi. Paulo yuko katika merikebu yenye watu 276, dhoruba ni kali, na malaika amemwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi imekwisha kutolewa. Hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alimwambia akida kwamba hao wasipokaa ndani ya merikebu, hawataokoka. Askari wakazikata kamba za mashua. Mungu aliyeamua mwisho wa safari aliamua pia njia ya kufika huko, na njia yenyewe ilikuwa mabaharia kukaa mahali pao pa kazi, na baadaye watu kushika mbao na vipande vya merikebu hadi pwani.

Ndiyo maana sheria ya Musa, iliyotolewa kwa watu walioamini kwamba Mungu hufisha na kuhuisha, inazungumza kama afisa wa usalama. Ujengapo nyumba mpya, inasema Kumbukumbu la Torati 22:8, fanyia ukingo dari yake, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako kama mtu akianguka kutoka huko. Haisemi kwamba aliyeanguka siku yake ilikuwa imefika. Kutoka 21:29 ni kali zaidi: ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe, ambaye mwenyewe alionywa lakini hakumzuia, akiua mtu, mwenye ng'ombe naye ana hatia. Na mstari wa 30 unaruhusu fidia. Soma tena, dada yangu: fidia ya kifo kilichotokana na uzembe imo ndani ya Torati, imeandikwa kama agizo la Mungu mwenyewe. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga zilizowekwa kwa umbali unaofaa ni ukingo wa dari wa barabara zetu, na matawi mabichi usiku hayaakisi chochote. Taa ya pikipiki huyafikia wakati breki zimekwisha kuchelewa.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili. Kufuatilia bima si kumshtaki Mungu. Nchini Tanzania kila gari linaloingia barabarani linapaswa kuwa na bima ya angalau mtu wa tatu, na bima hiyo ipo kwa ajili ya watu kama mdogo wako: mtu asiye na mkataba na mwenye gari, aliyeumizwa au kuuawa na gari hilo. Mwenye lori alilipia bima hiyo ili siku kama hii ikifika, mzigo usimwangukie yeye peke yake wala usiiangukie familia ya marehemu peke yake. Ukidai, hulipwi kutoka mfukoni mwa mzee wa kanisa bali na kampuni iliyopokea ada kwa kazi hiyo. Kusema kwamba mtu alipie bima halafu waliofiwa wasiiguse kwa sababu ya imani ni kuyageuza mambo juu chini.

Wazee walikusomea bila shaka 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo anawakemea ndugu wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Waombe wasome hadi mstari wa 8, ambapo anawageukia wale wanaodhulumu, naam, hata ndugu zao. Sura hiyo ni ya watu wanaogombania mali kwa tamaa, na haijaandikwa ili mwenye nguvu katika usharika amnyamazishe yatima wa miaka 2. Paulo huyo huyo, katika Warumi 13:4, anaiita mamlaka ya serikali mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Polisi wa usalama barabarani, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na mahakama inayomthibitisha msimamizi wa mirathi ni baadhi ya mikono ambayo utawala wa Mungu juu ya maisha ya kila siku hupitia. Mikono hiyo wakati mwingine huwa mizito na michafu, najua, lakini haiwi ya adui kwa sababu hiyo.

Kusamehe nako ni jambo jingine, na wengi wanalichanganya na hili. Unaweza kumsamehe mwenye lori leo na kudai bima kesho asubuhi, kwa sababu msamaha unahusu kutolipiza kisasi, na bima inahusu ada ya shule na maziwa ya mtoto. Zakayo, mtoza ushuru aliyekuwa amewadhulumu watu, aliposamehewa hakuambiwa asirudishe. Alisimama mwenyewe akasema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Kama mzee yule ni mtu wa kulia nanyi msibani, huenda akakubali kuwapa nakala ya bima na taarifa zake bila kuvutana. Mwendee ukiwa na mtu wa tatu mnayemheshimu wote wawili, ikiwezekana mchungaji wa usharika wake, umweleze hivi hivi kwamba hutaki kumharibia bali unahitaji nyaraka. Akikataa, TIRA wanaweza kusaidia kuhakiki kama lori lilikuwa na bima hai siku ile.

Katika jambo hili usinitegemee mimi. Tafuta mwanasheria, na kama fedha hakuna, zipo huduma za msaada wa kisheria katika mikoa mingi. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako wakuelekeze. Utahitaji taarifa ya polisi ya ajali, cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na uthibitisho wa msimamizi wa mirathi. Usikae sana, kwa sababu madai yana muda wake na kumbukumbu za mashahidi hufifia. Mwambie mwanasheria tangu siku ya kwanza kwamba kuna mtoto, na familia ikubaliane kwa maandishi fedha yake itatunzwa na nani na wapi. Nimeona misiba ambapo ndugu walishinda madai kisha wakagombana juu ya mgao hadi mtoto akabaki mikono mitupu, na hapo hapakuwa na mwenye lori wa kulaumiwa.

Limebaki lililo gumu kuliko yote, nalo ni sala yako ya asubuhi ile. Ulimtaja kwa jina, na usiku akafa. Sina maelezo ya hilo, na mtu akija na maelezo, kwamba pengine hukuomba kwa imani ya kutosha au kulikuwa na dhambi iliyofichika nyumbani, mfikishe kwenye Luka 13:4, ambapo Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kusema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Ninachojua ni kwamba sala haikuwa hirizi uliyoifunga vibaya. Uliongea na Baba juu ya mtu unayempenda, na Baba alisikia. Bwana Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Na kaburini kwa Lazaro, akijua kwamba baada ya dakika chache atamfufua, alilia machozi (Yohana 11:35). Kama yeye aliyejua mwisho wa habari alilia, wewe usiyeujua huhitaji kuomba radhi kwa kulia, wala kwa hasira.

Kuhusu kwaya, zungumza na kiongozi wako upumzike kwa muda. Kaa kwenye mabenchi na waumini, wengine waimbe, uwasikilize. Usijilazimishe kutunga sala. Chukua Zaburi ya 13 au ya 88, usome kwa sauti ukiwa peke yako, hata kama ni mistari mitatu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu na kuishia gizani, bila shangilio lolote mwishoni, na kanisa limeiacha hivyo hivyo katika Biblia kwa sababu kuna siku ambazo muumini hana zaidi ya hapo.

Mwisho, ungana na mtu wa karibu kwa mwili, si kwa maandishi kama haya. Mchungaji wako, ikiwa hakuwa miongoni mwa waliokunyamazisha. Na kama alikuwemo, mchungaji wa usharika mwingine au mama wa kanisa anayejua kusikiliza bila kuhubiri. Huzuni ya kawaida huja kwa mawimbi, siku moja afadhali na siku nyingine mbaya. Lakini ukiona wiki zinapita usingizi hauji, chakula hakipiti, kumhudumia mtoto kumekushinda, picha za ajali zinakurudia mchana kweupe, au wazo la kutaka kumfuata mdogo wako linakujia hata mara moja, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa siku hiyo hiyo, uandamane na mtu, umweleze daktari kama ulivyo bila kupunguza. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, na aliwaandikia watumishi wa Injili waliotaka ushauri kwamba yeye atamwomba Mungu amlinde, kisha atafukiza nyumba, atatoa dawa na kuimeza. Dawa ya usingizi ukiandikiwa, imeze. Mshauri wa saikolojia ukipangiwa, mwendee.